Matone ya Usingizi Siku ya Ubatizo

Naona haya kuisimulia, lakini kwa kuwa huku ziwani kila mtu anaisimulia kwa chumvi yake, afadhali mnisikie mwenyewe. Ilikuwa enzi za Wajerumani, nami mfinyanzi wa vyungu nilikuwa nimemaliza darasa la ubatizo, ila hofu ya kusahau Amri Kumi mbele ya watu ilininyima usingizi, basi mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitibu watu pale misheni akanipa kichupa cha dawa.

“Matone machache, ukiwa umeshapanda kitandani,” akaniambia. “Ukizidisha, utasahau hata kupumua.”

Nikasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu, nikaenda zangu.

Usiku nikalala vizuri, na laiti ningeishia hapo. Asubuhi moyo ukaanza tena kwenda mbio, na wifi yangu Tusekile (ambaye hajawahi kuugua hata mafua, ila ushauri wa dawa haumwishi) akasema, “Kama usiku inakutuliza, asubuhi itashindwaje?” Nikapiga funda. Funda zima, jamani.

Njiani miguu ikawa si yangu, nikapepesuka mpaka ndani ya migomba ya watu, na mzee wa kanisa akaniona, akanuna, maana pombe ilikuwa marufuku kwetu wanafunzi wa ubatizo. Nikataka kujieleza, ulimi ukawa mzito, na kila nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi. Kanisani zamu yangu ikafika. Mchungaji akauliza, “Unamkataa Shetani na kazi zake zote?”

Nikajibu, “Kesho.”

Watu wakacheka, mume wangu akainamisha kichwa. Mchungaji akarudia kwa upole, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kukoroma nimesimama, kisha nikaanguka. Kicheko kilikatika pale yule mama alipoinama kifuani pangu akakuta pumzi inakuja kwa kusuasua. Nasikia alinifinya, akanimwagia maji, akamwamuru mume wangu aniite jina bila kunyamaza. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshageuka, na mume wangu sauti imemkauka kwa kuniita. “Nilidhani nakuzika,” akasema, akalia.

Wenzangu wote walibatizwa siku ile. Mimi nikarudishwa darasani mwaka mzima, na yule mzee bado ananinusa mdomo tukisalimiana. Nimeapa kwamba dawa nitainywa kama alivyosema mwenye dawa, si kama asemavyo wifi. Yeye anashikilia kuwa kosa langu ni kunywa kabla ya kula.