Fidla ya Babu na Moshi wa Pilipili

Fidla ilikuwa ya babu, na mimi ndiye niliyerithi sikio lake. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa nyumbani kwetu Mkunazini. Nikisikia nyimbo ya harusi ikipita dirishani asubuhi, jioni nimeshaitoa kwenye nyuzi bila ya kufundishwa na mtu. Bibi alifurahi, halafu akaogopa.

"Mke mwenzangu, usipige dirisha wazi," alikuwa akiniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Macho ya watu mabaya."

Basi nikawa napiga madirisha yamefungwa, na joto lile. Nilipokua kidogo nikapelekwa kwa mwalimu wa fidla, pamoja na binti wa ami yangu. Yeye, Mungu anisamehe, alikuwa akikwaruza mpaka paka wa uani wanahama. Mwalimu akaanza kutufundisha kusoma noti, na hapo mambo yakaniwia magumu. Sikio halikunifaa kitu mbele ya karatasi. Nilikosea mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikarudi nyumbani nalia.

Bibi hakuuliza nimekosea wapi. Aliuliza nani alikuwepo. Akatia makaa kwenye chetezo, akanizungushia kichwani chumvi na pilipili kavu, akavimwaga motoni. Moshi ukapanda, hatukukohoa hata mmoja.

"Umeona? Pilipili haiwashi! Ushapigwa kijicho."

Nikaambiwa nipumzike mpaka kitoke. Nilipumzika kwa raha zangu, maana kumbe kukosea kwangu kulikuwa ni sifa.

Ikawa ndiyo desturi. Kila nikikwama, chetezo. Fidla ya babu ikakaa bure juu ya kabati, mpaka binti ami akaja kuiazima, kwani kwao hawakuwa na fidla, alikuwa akijifunzia ya mwalimu tu.

"Mpeni," bibi alisema. "Huyo nani atamhusudu?"

Tukacheka sote. Lakini yeye akikosea hakuwa na wa kumsingizia, akawa anarudia palepale, siku nzima. Nilikuwa nikimwona akikata kichochoro na jua kali, fidla kwapani, na bibi akinong'ona dirishani, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Mwalimu alipotafuta mpigaji mmoja wa kuingia kwenye kikundi chake cha taarabu, sikuwa na shaka kuwa ni mimi. Akamchukua yeye. Bibi akafukiza nyumba nzima.

Wakati ule hata sikuumia sana. Nilijiambia siku nikitaka nitaweza. Nimejiambia hivyo mpaka nimeolewa, nimezaa, na bibi tumemzika.

Juzi nilikwenda Ngome Kongwe kumsikiliza binti ami. Alipiga peke yake, kikundi kizima kimenyamaza, na machozi yakanitoka, wala si kwa utamu wa nyimbo tu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mashaallah, huyu kazaliwa na kipaji." Nilitaka kugeuka nimweleze. Nikajifuta macho tu.

Walipomaliza nikamfuata nyuma ya jukwaa. Tulikumbatiana, tukamrehemu bibi, tukacheka habari za paka.

"Hivi wajua kama nlikuwa nnakuonea kijicho?" akaniambia. "Wallahi tena. Kila siku nlikuwa nnasema, huyu akikaa kitako akajifunza, mie basi."

Kumbe bibi hakukosea. Kijicho kilikuwepo, na mwenye nacho alikuwa anaingia na kutoka kwetu, na fidla tukampa sisi wenyewe.

Akaninyooshea ile ile, ya babu. "Hebu piga."

Nikaiweka begani, nikaanza nyimbo ya harusi niliyokuwa naijua tangu utotoni. Katikati vidole vikajikwaa. Nikainua macho haraka kutazama nani ananitazama. Hapakuwa na mtu ila yeye.

"Rudia," akasema, taratibu, kama anavyowaambia wanafunzi wake.

Neno hilo nyumbani kwetu sikuwahi kuambiwa. Nilitaka kurudia, nilitaka kweli, lakini macho yangu yalikuwa bado yakimtafuta wa kumsingizia. Nikampa fidla yake.