Ndama wa Nyasi

Mke wangu wa kwanza alifia hospitali ya mjini Nakuru, na mimi nilikuwa Subukia nikikamua ng'ombe wa mtu. Watoto wangu wakisimulia habari zangu huanza na shamba na lori, kana kwamba nilizaliwa navyo. Mimi naanza hapa. Nilisoma madarasa mawili tu, nikatoroka mwalimu, na kila nilichonacho nilikitafuta kwa hii mikono. Lakini mwaka ule, katika ile miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, mikono yenyewe ilinishinda.

Nilikuwa nyapara wa wakamuaji katika shamba la mzungu. Ng'ombe wake wakubwa, wenye madoa meusi, walinijua kwa hatua zangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipiga teke, na nilipenda watu wajue hivyo.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kike, akabaki na homa isiyotoka. Lori la maziwa likambeba, akalazwa kati ya madebe, blanketi chini yake, na mtoto nikamwachia mama jirani aliyekuwa akinyonyesha wake. Mimi sikupanda. Siku hizo huwezi kuingia mjini bila barua ya mzungu wako, na wetu alikuwa amekwenda Nairobi. Niliambiwa angerudi wakati wowote. Nilingoja.

Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari. Hakuzima injini. Alininyooshea bunda kupitia dirishani, lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Shika nguo zake," akasema. "Walishamzika. Hawangeweza kumweka zaidi."

Hayo ndiyo maziko niliyopewa. Ndani ya bunda mlikuwa na rinda lake la maua na sweta ya buluu ambayo kiwiko kimoja alikuwa amekishona kwa uzi mweusi. Nilitundika rinda kwenye msumari juu ya kitanda, nikavalisha sweta juu yake, nikafunga vifungo. Ukiingia kutoka kwenye mwanga wa nje, kwa kitambo kidogo unamwona amesimama pale. Nilikuwa natoka makusudi ili niingie tena. Sikumwambia mtu.

Kazi sikuacha. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Waache waseme, ng'ombe hawangojei mtu amalize kulia.

Shida ilikuwa mtoto. Maziwa ya jirani hayakutosha watoto wawili, na haki yake aanze na wake. Shambani tulipewa maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, maji meupe tu, na hayo yalimharisha mpaka macho yakaingia ndani. Kuchukua maziwa mazima ya mzungu ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo, na mtu aliyefukuzwa aliondoka na mtoto na ng'ombe wake barabarani. Nilikuwa na ng'ombe mmoja, wa kienyeji, mwekundu, ndiye pekee niliyeruhusiwa kufuga. Huyo alikuwa wa mke wangu. Kwetu mwanamume hakamui nyumbani, hata kama ni nyapara wa wakamuaji kwa mzungu. Na sasa, kama vile msiba mmoja haukutosha, ndama wake alikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe.

Ng'ombe akafunga maziwa, kama wa kienyeji wafanyavyo ndama akifa.

Nikasema huyu ni ng'ombe kama ng'ombe wengine. Nikampashia maji, nikamwosha kiwele kwa kitambaa safi, nikampaka mafuta ya chuchu niliyotoa kazini. Nilimfanyia kila kitu ambacho wale wa madoa walikipenda. Akanipiga teke ndoo ikaruka. Nikamfunga miguu. Akasimama kama ukuta, kiwele kimejaa, asitoe hata tone. Wakamuaji wangu walikuwa wameegemea ua wakitazama, na mmoja akauliza kama nyapara angependa afundishwe kazi. Kesho yake nilimpa ng'ombe mkali kuliko wote. Lakini mtoto bado alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa kinazidi kuwa chembamba.

Ndipo mama mkwe akafika. Alikuwa ametembea kutoka chini, upande wa Baringo, na vumbi lilimfika magotini. Nilijua amekuja kumchukua mtoto, na nilijua pia mtoto yule hatafika. Njia ni ya jua kali, na huko kwao ukame ulikuwa umebakiza mbuzi wachache wasiokuwa na maziwa.

Sasa, msomaji kijana hatajua hili. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Haingii nyumbani kwako, hali chakula mbele yako, na hamsemezani. Ni heshima, na hata msiba hauivunji. Kwa hiyo alikaa kwenye jiko la nje, mgongo kwangu, akampakata mjukuu wake, akaanza kuzungumza na yeye.

"Mwambie babako naondoka na wewe kesho," akamwambia.

Nami nikiwa nimeutazama ua, nikamjibu mtoto kwamba haendi popote.

"Mwambie basi atakulisha nini. Sifa za ng'ombe wa mzungu?"

Kisha akamuuliza mtoto ngozi ya ndama iko wapi. Ilikuwa juu ya ua, inakauka. Kupitia mtoto huyo aliyekuwa hajui hata jina lake, akaniambia niishushe, niiloweshe kidogo, niijaze nyasi kavu, niishone tumbo, niisugue chumvi, niiweke mbele ya ng'ombe. Zamani nilikuwa nimesikia wazee wakisema wanafanya hivyo. Nilikuwa nimehesabu ni ushamba.

Nilishona. Kilitoka kitu kibaya, kisicho na miguu, shingo imepinda. Ng'ombe alikinusa, akatoa sauti ya chini ambayo sijasikia kwa wale wa madoa hata mara moja, akaanza kulamba. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko.

"Mwambie babako aache kukamua kama anafua nguo," akasema. "Polepole. Mama yako alikuwa akimwimbia."

Mimi siimbi. Nilimnong'oneza tu upuuzi, na maziwa yakashuka.

Mtoto alikunywa. Kuondoka kwa kesho kukaahirishwa, kisha hakukutajwa. Mama mkwe alilala kwa jirani, na asubuhi alikuja kuchemsha maziwa na kumlisha mjukuu kwa kijiko. Siku moja akamwambia mtoto kwamba kuna nguo za mama yake hazijarudi kwa watu wake, na kwamba babake bado ana nywele kichwani. Ni kweli. Mtu aliyefiwa hunyolewa, na nguo za marehemu huchukuliwa na watu wake, ndipo msiba unaisha. Nilikuwa nimekataa yote mawili. Nilimwambia mtoto amwambie bibi yake kwamba zile nguo si mzigo wa mtu, zitabaki hapa. Mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi, na kutoka jikoni nadhani mama mkwe aliuona msumari, na sweta iliyofungwa vifungo.

Mvua ikaanza. Yule ndama wa nyasi akaanza kuoza. Manyoya yalimtoka pale alipolambwa, siafu wakaingia kwenye mshono, na harufu yake ilifanya majirani wapite upande wa pili. Nikamshona tena. Nikambadilishia nyasi. Niliona mradi ng'ombe analamba, yote yako sawa.

Kisha asubuhi moja nikamweka mbele yake, ng'ombe akamnusa mara moja akageuza kichwa. Akaanza kula majani kando ya ua. Nikamsogeza ndama mpaka puani pake. Akampiga kichwa, ndama akaanguka chini, nyasi zikatoka. Nikasema basi, leo mtoto amekufa. Nikachuchumaa kwa mazoea tu, nikashika chuchu. Maziwa yakaja, mengi, na yeye anatafuna.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake hasira ilinipanda, nikasimama, nikamtukana yule ng'ombe. Nilimwita msahaulifu, malaya, mnyama asiye na haya. Nikaokota ile ngozi inayonuka nikamsukumia tena usoni, alambe, akumbuke. Naye alirudi nyuma hatua, akinitazama.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mtoto mgongoni. Safari hii hakuzungumza na mtoto.

"Mwache," akaniambia mimi. "Hajamsahau. Amechoka kulamba nyasi. Wewe je, mwanangu?"

Heshima ikavunjika hapo, na aliyeivunja ni yeye, mtu mzima kuliko mimi. Niliangalia chini. Ngozi ilikuwa bado mikononi, na siafu walikuwa wananipanda.

Niliizika nyuma ya boma. Jirani akaninyoa kichwa kwa wembe, akanikata mahali pawili, sikulalamika. Nikaingia ndani, nikafungua vifungo vya sweta, nikashusha rinda. Ukuta ulibaki na msumari. Nguo niliziweka kwenye jiwe nje ya jiko, nikasogea mbali ili aje azichukue.

Nilioa tena baadaye, na mke huyo amenizalia na amenivumilia, nisiseme zaidi. Yule mtoto ana wajukuu sasa.

Bibi yake aliondoka asubuhi ya baridi, akamwacha mtoto kwa jirani, ameshiba. Rinda alilifunga kwenye bunda. Sweta aliivaa. Kwa nyuma unaruhusiwa kumtazama mkwe, kwa hiyo nilimtazama akiteremka njia ya lori, kiwiko chenye uzi mweusi kikienda mbele na nyuma. Walikuwa na mwendo mmoja, yeye na binti yake. Sikuwa nimejua, maana sikuwahi kumtazama. Kabla hajafika kwenye kona chuma cha kuita wakamuaji kiligongwa bomani kwa mzungu, nikageuka, nikaenda kukamua.