Njaa Yangu Nikaiita Mimba

Nichekeni, lakini mimi nimeshaanza. Mimi ni msusi hapa Kianjokoma, na kiuno changu ni gunia la viazi. Niliona video kwenye simu nikaanza kufunga: chai ya rangi asubuhi, mlo mmoja jioni, basi. Wateja wakila chapati saluni, niliwabenulia midomo kana kwamba wanakula mchanga.

Mwezi wa pili hedhi haikuja. Wanja, ninayesuka naye saluni, akaniambia, "Wewe umejinyima sana. Mwili ukikosa chakula, hedhi inaweza kupotea. Hebu pima kwanza."

"Huo ni wivu," nikamjibu, daktari mzima mimi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetafuta mtoto tangu harusi, kwa hivyo jioni hiyo hiyo nikampigia mama mkwe kumwambia nina mimba.

Alikuja na kuku na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi. Mfungo nikautupa, nikala wiki baada ya wiki kama ng'ombe aliyeingia shamba la mahindi. Jumapili moja akaleta akina mama wa kanisa waniombee. Tumbo lilikuwa likiniuma tangu asubuhi, nami nikasema ni mtoto anajipanga. Nikavaa sketi nyeupe.

Maombi yalipoisha nikasimama kushukuru, nikageuka kuchukua chai. Mama mkwe alikuwa akitazama sketi yangu kwa nyuma.

"Mwanangu," akalia, "mtoto anatoka!"

Wote wakaanza kulia. Ikabidi niseme, "Mama, hakuna mtoto. Ni hedhi imerudi."