Mshono wa Juujuu

Fundi viatu niliyepakana naye kibanda anaitwa Gundi. Jina hilo hakulipata kwa kazi peke yake. Akishika neno haachii. Ukimwambia asubuhi kwamba mkanda aliokushonea umelegea, jioni unafunga biashara yeye bado anakuuliza umelegea upande gani. Mimi nauza raba za mitumba, yeye anazifufua zilizokufa. Tunahitajiana, na wanaohitajiana hujuana tabia. Ana mikono ya dhahabu na roho ya wivu.

Si wivu wa mali. Jirani akijenga ghorofa, Gundi atakwenda kumpongeza na kumpigia rangi viatu vya kuhamia. Wivu wake ni wa miguu. Mtu akipita mbele ya kibanda na mwendo mzuri, yeye huacha nyundo hewani akamtazama mpaka kona, kisha hushika goti lake la kulia kama anayemtuliza mtoto.

Mji wetu umekaa ukingoni mwa korongo. Chini kabisa unapita mto, ng'ambo kuna zahanati na mnada wa mbuzi, na barabara ya magari inazunguka mbali mpaka mtu anaona heri ashuke kwa miguu. Mke wa Gundi anafanya usafi pale zahanati. Kila asubuhi anateremka majabali, anavuka kwa kurukia mawe, anapanda upande wa pili. Jioni anarudi vilevile. Miguu ya namna hiyo hainunuliwi. Katika mbio za korongoni watu hukimbia wawili wawili, na yeye na mumewe walikuwa jozi ya kuogopwa, hadi siku goti la Gundi lilipogeuka kwenye changarawe na kukataa kurudi lilivyokuwa.

Mwaka huu mke akataka kukimbia tena. Waliyazungumza palepale kibandani, mimi nikipanga raba zangu.

"Nitafute mwenzangu, au nikae?"

"Ukae, kwani goti ni lako?"

"Basi nikimbie na nani, baba watoto?"

"Si yupo muuza nyama. Naye hushuka kila siku kufuata mbuzi. Mwambie yeye."

Nilijua anachofanya, maana ndiyo kazi yangu. Alitaja bei akitegemea mteja aikatae. Alitaka aambiwe, la, mume wangu, kama si wewe sikimbii na mtu. Lakini ukizoea kutaja bei usiyoitaka, iko siku utakutana na mtu atakayeitoa mfukoni hapohapo.

"Sawa," mkewe akasema. "Nitamwambia kesho tukikutana."

Gundi akainua kichwa. "Kumbe huwa mnakutana?"

"Njia ni moja. Tupishane wapi, hewani?"

Tangu siku hiyo nilikaa jirani na chungu kinachochemka. Muuza nyama ni mtu mrefu, mcheshi, mwenye nyayo kubwa, na hajaoa, jambo ambalo Gundi alikuwa analijua miaka yote lakini sasa alilikumbuka kila saa. Jioni wale wawili walirudi wakiwa wamelowa hadi magotini, wanacheka. Muuza nyama akipitiliza dukani kwake, mke alisimama kwetu kuvuta pumzi.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi amefanya nini?"

"Amegoma kuvuka. Tukambeba."

"Tukambeba. Nani alishika mbele?"

Mke akamtazama mpaka mimi ndiye niliyeona haya. "Mimi nilishika mkia. Umeridhika?"

Hakuridhika. Na mtaa ukishaona mtu ana kidonda, hautamwekea dawa, utamwekea kidole. Kinyozi wa upande wa pili alikuwa akimngoja muuza nyama apite, ndipo apaze sauti, "Fundi, wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama." Gundi aligonga nyundo kwenye soli ambayo haikuwa na shida yoyote.

Siku chache kabla ya mbio, muuza nyama akaleta raba zake. Soli ya kushoto ilikuwa imeanza kufunguka mbele.

"Kaka fundi, nikazie hapa. Shemeji ananiacha kilimani, angalau niwe na kiatu kizima."

"Weka hapo," Gundi akasema, wala hakumtazama usoni.

Kila fundi wa kwetu anajua kwamba gundi ni ya nchi kavu. Mtoni ni uzi. Soli ikishabandikwa, unatoboa kwa msharasi hadi upande wa pili, unavusha uzi, unakaza, unazunguka kiatu chote. Gundi alibandika vizuri. Kisha akashona mshono wa juujuu: sindano inaingia kwenye ngozi na kutokea kwenye ngozi, uzi unalala pembeni umenyooka kama wa kweli, na soli haijaguswa. Nimewahi kuuziwa gunia zima la viatu vya hivyo, kwa hiyo siku hizi sitazami mshono, nautekenya kwa ukucha.

"Huu uzi haujavuka," nikamwambia.

"Umekuja kununua?"

"Hapana."

"Basi rudisha."

Nikarudisha. "Na akianguka?"

"Atalowa. Mtu mzima kulowa si msiba."

Hakumtakia kifo, tusimwongezee. Alitaka soli ibaki mtoni mbele ya watazamaji, mtu yule atoke anachechemea kama yeye, na mkewe aone kwamba hata miguu mizima hutia aibu. Yalikuwa mahesabu ya mtu mwenye donge, na donge halijui kuhesabu.

Asubuhi ya mbio sikukaa pale wanapoanzia. Mimi hushuka na mzigo wangu hadi kivukoni, kwa sababu ndipo viatu hukatikia, na mtu mwenye kiatu kimoja habishani sana. Mto ulikuwa umejaa. Juu milimani mvua ilinyesha. Chini kidogo ya mawe ya kuvukia, maji hubanwa na majabali mawili kisha huporomoka, na kinachoingia pale huokotwa mbali.

Nikamwona Gundi anateremka kwa njia ya mkato wanayopita mbuzi, maana wakimbiaji huzungushwa kwanza ukingoni. Alikuwa anaburuta makalio, mguu mbovu ameunyoosha mbele kama mpini wa jembe, mfuko wa vifaa umening'inia shingoni.

"Mama Jozi," akaniita, "una raba ya kumtosha muuza nyama?"

"Nyayo zile? Zile hazivai kiatu, zinavaa mtumbwi."

"Sitanii. Wamewafunga kamba."

Akanieleza akitweta. Kwa sababu ya maji, wasimamizi walitangaza kwa kipaza sauti kwamba mwaka huu kila jozi itafungana kamba kiunoni, tangu mwanzo hadi juu ya ukingo wa pili. Mwenzako akiteleza, umzuie. Gundi alisikia hayo akiwa nyuma ya umati, na alipopenya mbele wakimbiaji walikuwa wameshaondoka.

"Ulimtegea mmoja, umewanasa wawili," nikasema. Sikuwa na sukari ya kumtilia.

Wakatokea, na walikuwa wa kwanza. Mke mbele, muuza nyama nyuma, kamba inacheza katikati yao. Gundi akasimama mbele ya jiwe la kwanza, mikono ameitandaza.

"Toka njiani," mkewe akasema. "Tunaongoza."

"Kaeni chini. Kiatu chake hakijashonwa."

Muuza nyama akacheka. "Kaka, si umekishona wewe mwenyewe?"

"Nimekishona juujuu."

Muuza nyama akainua mguu, akaingiza kidole gumba kwenye ncha ya raba. Umande wa njiani ulikuwa umeshaanza kazi, soli ikaachama. Akayatazama maji, akaitazama kamba, kicheko kikamwisha.

"Ulikosea," mke akamwuliza mumewe, "au ulijua?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mimi ningepita. Fundi yeyote hukosea, nani angebisha?

"Nilijua," Gundi akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mnacheka."

Muuza nyama alipokaa juu ya jiwe, kamba ikamvuta mke naye akakaa. "Shona," akasema.

Gundi alishona amepiga goti lile bovu kwenye changarawe, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kukifikia kiatu. Jozi nyingine zikafika, zikavuka, zikaturushia maji. Mmoja akauliza kama tumefungua karakana. Msharasi ulipotoboa hadi ndani, muuza nyama akasema taratibu, "Kaka, tulikuwa tunamcheka mbuzi."

"Najua."

"Hujui. Shona."

Walivuka salama, na walimaliza pamoja na wale wanaopigiwa makofi ya huruma. Kabla jua halijawa la utosi kinyozi alikuwa na habari yote, na safari hii hakutia methali.

Mke hakuhama. Wanazungumza ada za watoto, paa linalovuja, nani ametumwa dukani. Ila viatu vyake sasa anavipeleka ng'ambo, kwa fundi mmoja aliye nyuma ya zahanati. Mke wa fundi bora wa mji anavuka mto na kiatu mkononi.

"Ni mzee au kijana?" Gundi alimwuliza mbele yangu.

"Ni fundi."

Juzi nilimpelekea Gundi vipande vya soli nyumbani kwake. Raba za mkewe zilikuwa zinaanikwa kizingitini. Alinipa kigoda, akaingia ndani kufuata maji ya kunywa, na alipotoka akaweka kikombe chini bila kunipa. Akaokota raba moja, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono, akavuta. Uzi haukuja. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, upande wa kisigino.

"Amekaza," akasema.

Akairudisha raba ilipokuwa, ncha ikitazama mlango, akaisogeza kidogo ili isionekane imeguswa.