Safari Mbili za Bapa la Mjomba Melkiori

Safari hii niliifunga kwa sababu ya mkaratusi mmoja. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu huko Mgeta, juu kabisa, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa uangalifu lakini watu wetu hulima kabichi. Mvua za vuli zilikuwa zimekula udongo mizizini, na mti ukaanza kuinamia nyumba. Masika ilikuwa inakaribia. Mama, ambaye kwa ubatizo anaitwa Paskalia na kwa tabia anaitwa jiwe, alikataa kuhama chumba chake.

Jumatano alinipigia simu. "Leokadia, mti umesogea tena. Na chenso ya mjomba wako haikati, bapa limekwisha na cheni imekwisha. Njoo umchukue mwende naye dukani huko mjini, akachague mwenyewe."

Kwa msomaji asiyewahi kuangusha mti: chenso ni msumeno wa mashine. Bapa ni ule ulimi mrefu wa chuma unaochomoza mbele, na cheni ni mnyororo wenye meno unaozunguka ukingoni mwake. Chenso ya Mjomba Melkiori, kaka yake mama, aliachiwa na mapadre wakati karakana ya misheni ilipofungwa, na tangu siku hiyo mlima mzima unamwita Mzee Chenso.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ninafundisha shule ya msingi Kihonda, mwaka wa ishirini na sita sasa. Niliona kumteremsha mzee wa miaka sabini na kitu kwa ajili ya kipande cha chuma ni kumtesa bure. "Mama, mwambie anitumie vipimo tu. Nitanunua, nitapandisha."

Mama akajibu, "Haya. Wewe ndiye msomi."

Nilidhani ananisifu.

Ijumaa jioni, sokoni. Vipimo viliteremka na lori la kabichi. Dereva alinikabidhi kamba ya mgomba yenye mafundo mawili, akasema mzee ameagiza isikatwe. Kutoka fundo hadi fundo ndiyo bapa. Niliipima kwa rula ya ubaoni, ikatoka inchi ishirini na nne kasoro nywele. Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari, kama ninavyowafundisha watoto.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa dukani kwa Bi Shirin, katikati ya mji. Babu yake aliuza spea za mashine za mkonge hapo hapo, baba yake akauza za trekta, na yeye anauza chochote chenye boliti. Alivaa miwani yake, akaitazama kamba yangu.

"Mashine gani, Mwalimu?"

"Ya zamani."

"Zamani ya nani?"

"Ilitoka kwa mapadre."

"Mapadre hawatengenezi chenso." Aliiweka kamba mezani taratibu. "Sikiliza. Cheni ina miguu chini, inapita ndani ya mfereji wa bapa. Nataka unene wa mguu, umbali kati ya kiungo na kiungo, na idadi ya miguu yote. Halafu nataka kuuona mkia wa bapa, pale linapofungwa kwenye mashine, maana kila kampuni ina mkia wake. Una nini katika hivyo?"

"Nina urefu."

"Mtu akija kununua viatu akaniambia yeye ni mrefu, nimpe namba ngapi?"

Nilimpigia mjomba na kumwomba ateremshe mashine, au hata lile bapa bovu. Sauti yake ilisikika dukani kote. "Mashine haiendi popote! Mtu akikosa kiatu hapelekwi hospitali. Mwambie mwenye duka ni chenso ya Mzee Melkiori."

Nikamwambia. Bi Shirin hakuonekana kuguswa.

Hata hivyo nilichukua bapa la inchi ishirini na nne pamoja na cheni yake, kwa sababu namba nilikuwa nayo na mti ulikuwa unainama. Bi Shirin alilifunga kwenye gazeti. "Usilipake oili, usilikwaruze. Jumatatu nakusubiri."

"Jumatatu nitakuwa darasani," nikamjibu.

Saa tano nilipata pikapu iliyokuwa inarudi mlimani na matenga matupu. Tulipita Mzumbe, tukapita Mlali, halafu barabara ikaanza kupanda na gari likaanza kulalamika. Dereva aliliona gazeti langu mapajani, akauliza ni upanga wa nani. Niliposema ni bapa la Mzee Chenso, alipunguza redio.

"Wewe ni mpwa wake? Basi salimia sana. Kuna mti ulilala barabarani hapo juu, wiki mbili nzima. Tulikuwa tunashusha mizigo upande huu na kuipakia upande ule."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Chenso ndiyo ilikuwa mbovu."

"Kwa nini hamkuukata kwa shoka?"

Aliniangalia kama mtu aliyeshushwa na ndege asubuhi ile. "Na yeye yupo? Tungeukataje?"

Nilicheka, nikaandika jambo hilo akilini kuwa ni uvivu wa madereva.

Saa tisa alasiri, kwa mama. Mti ulikuwa mbaya kuliko nilivyoambiwa. Shina lilitoka ardhini wima kwa adabu, halafu likainama, na matawi yake ya juu yalikuwa yanagusa bati juu ya chumba anacholala mama. Yeye alikuwa chini yake, anapukuchua maharage.

Mjomba alikuwa ananisubiri, amevaa koti la misa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, Mwalimu. Lete." Majirani walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi, katekista akiwa mbele. Chenso ilitolewa ndani ikiwa imefunikwa kitambaa cha meza.

Sitaki kuirefusha aibu. Tundu refu la mkiani mwa bapa jipya lilikuwa jembamba kuliko boliti za mashine, likakataa kuingia. Miguu ya cheni ilipanda juu ya meno ya gia badala ya kukaa katikati. Na nilipoliweka bapa jipya kando ya lile kuukuu, jipya lilizidi kwa zaidi ya upana wa kiganja. Kumbe dukani bapa huhesabiwa kuanzia linapochomoza nje ya mashine. Mkia unaofichwa ndani haumo. Mjomba alikuwa amelifungua lote na kulipima lote kwa uaminifu, asimnyime mtu hata kidole. Nami, miaka ishirini na sita, kila Januari nawaambia watoto wa darasa la nne kwamba kabla ya kupima uliza kwanza kipimo kinaanzia wapi.

"Vya siku hizi havina adabu," mjomba alisema, akaifunika tena mashine yake.

"Penye wazee haliharibiki neno," katekista akaitikia, na watu wakatawanyika wakiwa wametulia kabisa. Nilitazama juu, nikaona neno limeinama kweli kweli na linakaribia kuharibika.

Jikoni niliuona msumeno wa watu wawili, ule wa kuvutana, umetundikwa ukutani. Ulikuwa wa marehemu baba. Meno yake yalikuwa yametoka kunolewa, yanang'aa kwa mafuta.

"Mama, huu unakata!"

"Chuma ukikiacha kinaota kutu."

"Basi waite vijana wauangushe mti kwa huu. Kesho tu. Mtendaji si ameshatoa barua ya kuukata? Na shamba ni la lukolo lako, ukoo wako wewe, nani atakuzuia?"

"Mwenye chenso yupo, Leokadia."

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake, kwamba atazikwa na heshima za watu ndani ya chumba kimoja. Aliniongezea magimbi kwenye sahani.

Jumapili asubuhi kulianguka manyunyu. Tukiwa tunakunywa chai mti ulilia, sauti ndefu kama mlango wa ghala, na kutu ya bati ikadondoka mezani. Mama alifunika kikombe chake kwa kiganja. Mimi nilitoka nje nikalia, nasema kweli, nililia kama mtoto.

Baada ya misa, mbele ya kanisa na mbele ya watu, mama alimwendea kaka yake. "Kaka, nimefikiri. Mashine yako si ya kila mtu. Hao wa mjini wataijuaje bila mwenyewe kwenda kuwaonyesha?"

Mjomba alivuta koti. Akatazama bonde, akatazama mbingu. "Hilo ni neno," akasema.

Nilijilaumu kwamba miaka yote ya chuo cha ualimu haikunifundisha sentensi kama ile. Nikampigia mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya Jumatatu.

Jumatatu alfajiri tuliteremka. Mjomba alikaa mbele, chenso mapajani, imefungwa kitenge cha mama kama mtoto anayepelekwa kliniki. Hakuwa amefika mjini tangu Pasaka ya mwaka ambao hakuukumbuka. Kila gari lilipoyumba aliegemeza kichwa cha mashine mkononi mwake.

Saa tatu asubuhi, kwa Bi Shirin. Nilitegemea vita. "Shikamoo mzee wangu," alisema, akafungua kitenge polepole. "Hizi sizioni tena," akanong'ona. "Baba yangu aliziuza hizi."

Mjomba aliongezeka kimo.

Wakafanya kazi, vichwa vimekaribiana. Bi Shirin alifuta mkia wa bapa kuukuu kwa mafuta ya taa. Namba zilikuwa zimefutika zamani. Basi akapima toka ribiti ya kwanza ya cheni hadi ya tatu, akagawa kwa mbili, akapata umbali wa viungo. Akalinganisha na gia ya mashine, vikakubaliana. Unene wa mguu aliujua kwa kuujaribu kwenye mabapa ya stoo: kwenye mfereji huu umekwama, kwenye huu unacheza, kwenye huu umekaa. Miguu waliihesabu pamoja kwa sauti, mjomba akiishika kila mmoja kama punje ya rozari: sabini na miwili. Bapa lake ni la inchi ishirini.

"Inchi ishirini na nne!" Bi Shirin akanigeukia. "Mwalimu wa nini ulisema?"

"Wa Kiswahili," nikajibu.

Alilipokea lile bapa langu lisilokwaruzwa, akatupatia linalofaa pamoja na cheni yake. Liliingia kwenye boliti bila kusukumwa. Mjomba alivuta cheni kwa kidole, ikazunguka kimya, naye akatoa kitambaa akafuta macho, akasingizia mafuta ya taa.

Saa kumi alasiri tulifika nyumbani. Nilikuwa wa kwanza kuona kwamba mbingu juu ya paa la mama ilikuwa imeongezeka. Mkaratusi ulikuwa chini. Umelala kuelekea mlimani, mbali na nyumba, pale pale ambapo fundi angeuelekeza, na kamba za kuuvutia bado zilikuwa shingoni mwake. Kisiki kilikuwa cheupe. Vijana kumi na kitu na wanawake wa jumuiya walikuwa wamesimama pembeni wakikagua kucha zao. Mama alikuwa anapukuchua maharage.

Mjomba alitazama kisiki. Alitazama unga wa mbao, uliokuwa mwingi na laini, si vibanzi vya shoka. Kisha akamtazama dada yake, muda mrefu, naye hakuinua uso.

"Kaka, afadhali umefika," mama alisema. "Limetushinda. Limeziba njia ya mtoni, na misumeno yetu hailiwezi gogo la namna hii."

Niliogopa. Nilimwona mzee ameikumbatia mashine kifuani, na nikajua sasa ni nini kilichokuwa kinaegemea nyumba ile siku zote.

Mjomba alivua koti la misa, akamkabidhi katekista. Alitia mafuta, akaweka mguu juu ya mashine, akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena. Mara ya tatu ikanguruma, na bonde lote likaitikia. Bapa lilizama kwenye gogo kama kisu kwenye boga lililoiva. Alikata pande la kwanza, la pili, la tatu, na mbao zikanukia hadi jikoni. Alipozima kupumzika, alijipangusa jasho akasema ili wote wasikie, "Kuangusha mti, hata upepo unaangusha. Gogo ndiyo kazi."

"Kweli, mzee," vijana wakajibu wote.

Niliingia jikoni. Msumeno wa baba ulikuwa umerudi ukutani, utomvu wa mkaratusi haujakauka kwenye meno yake. Mama aliingia nyuma yangu kuchukua ungo.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja ashuke mlimani," nikasema. "Siku zote hizo, unalala chini ya mti."

"Mti ulikuwa unainama taratibu, nauona. Kaka yangu angevunjika siku hiyo hiyo."

Nje mashine ilinguruma tena. Mama alisimama akiisikiliza, akatabasamu kidogo, kisha akanipa ungo nimshikie.

"Na Jumatano nilikuambia, mwanangu. Nilikuambia uje umchukue mjomba wako. Wewe ukaomba vipimo."