Bertin Akataa Kula Kando ya Meuse

Bertin wa Koekelberg, mtaa wa Brussels, hakuwa muntu wa kulainishwa na keki, mlijue hilo kwanza. Mwanaume alitoka Walungu, kule Kongo, na suti moja, akapata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee kule Auderghem, na haukupita muda hata bibi vizee wenye kiburi wakawa wanamwamkia "Monsieur Bertin". Muntu kama huyo utamdanganya wapi?

Kwa hiyo, kiangazi cha 1995, mzee Pol alipopiga honi mlangoni kwake na mobilhome, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, Bertin alipanda, lakini macho yalibaki makali.

"Papa Bertin, twende nikuonyeshe mto wetu na miji ya kwetu!"

Pol alikuwa Mbelgiji aliyelima miti ya kwinini karibu na Bukavu mpaka akaota mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule. Mjukuu wake, Dimitri, Bertin alishamwona kwenye uwanja wa Flagey akila viazi vya kukaanga na Rolande, binti yake, kwenye karatasi moja. Tangu hapo baba wa watu alikuwa anangoja hodi. Hodi haikuja, likaja gari. Na mzee wa kwenda kutembea mtoni, mbona amefunga tai?

Sasa, katika ukoo wa Bertin, baba wa msichana akila kwa watu wa kijana kabla hawajabisha kwake, amekwisha kumtoa mtoto aolewe. Tonge moja tu, maneno yamekwisha.

Dinant, alikozaliwa mama yake Pol, mama yake mdogo aliwatolea flamiche, mkate wa jibini, unatoka moshi. Bertin akashika tumbo.

"Bon, maman, nimeshiba."

Mwongo mkubwa! Alikuwa ametoka nyumbani na chai tupu, na ile harufu ilimkata utumbo vipande vipande.

Namur, binamu yake Pol akaleta gofri, zile keki za vishimo vishimo, na kahawa, akauliza kwa tabasamu, "Na Rolande, hajambo?"

Jina amelipata wapi huyu? Bertin akajibu "hajambo" kwa ncha ya ulimi, akatoka nje kunywa maji ya chupa yake.

Barabarani, mto Meuse upande mmoja, miamba upande mwingine, Pol akamchungulia.

"Papa Bertin, uko mugonjwa?"

"Minafunga."

"Mwezi wa saba? Alors, Wakatoliki wa Walungu beko na Ramadhani yabo?"

"Endesha gari, Pol."

Huy, kwa Frieda, dada yake Pol, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kama cha altare. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Dimitri. Kando yake, katika fremu mpya, Rolande anacheka. Bertin akarudisha kiti mezani, taratibu.

"Wee Pol. Ulizeekea Bukavu. Unajua kwetu banaomba mutoto namna gani. Juu ya nini unanizungusha sawa mbuzi ya soko, kila mulango sahani?"

Pol akawa mwekundu mpaka masikio. "Niliogopa utakatala."

"Donc nikatale kwangu, hapana mu salon ya dada yako. Geuza gari. Na maman Frieda apande."

Walirudi Brussels, Frieda na mkoba wake magotini. Koekelberg, Bertin akashuka peke yake, akapanda ngazi, akafunga mlango. Mathilde, mke wake, akamwekea fufu na samaki bila swali. Rolande alisimama karibu na kitasa.

Hodi ikapigwa.

"Nani?" Bertin aliuliza, shavu limejaa.

"Njo mimi, Pol, na dada yangu."

"Munatafuta nini?"

"Tunakuya kuomba."

"Baba Rolande, fungua basi," Mathilde alinong'ona. "Mutoto anatetemeka."

Bertin alinawa mikono, akavaa koti.

"Aseme tena," akasema, "na kwa sauti. Jirani wa chini hajasikia."