Risaga ya Wenye Nyota

Zamani, mtu wa kwetu Isebania akipuliza pembe asubuhi, watu walishuka kilimani na majembe begani bila kuuliza watapewa nini. Siku hizi ukimwomba jirani akushikie kamba ya ng'ombe ufunge lango, anakunyooshea kiganja kwanza. Mzee Gisiri aliishi katika nyakati zote mbili, na hilo ndilo lililomponza.

Katika ujana wake yeye ndiye aliyekuwa mpuliza pembe. Kulimiana huko kwa zamu Wakuria walikuita risaga. Mwenye shamba alipika pombe ya wimbi, kundi likalima mpaka jua likasimama, kisha wakakaa kuzunguka chungu na mirija yao mirefu. Kesho yake kundi lilikuwa kwa mwingine. Hakuna aliyeandika zamu ya nani imefika. Kila mtu aliijua kama anavyojua njia ya kwao. Aliyekwepa bila ugonjwa wala msiba aliachiwa shamba lake alilime na mkewe. Na palikuwa na mwiko mmoja: risaga ikishaitwa, mwenye shamba haligusi tena. Kulima shamba ulilowaitia watu ni kuwaambia kwamba huwahitaji. Kuna waliogeuka njiani na majembe yao kwa sababu hiyo, wasirudi tena.

Kufikia mwaka wa tisini na tisa pembe ilikuwa inaning'inia ukutani, ndani yake buibui. Vijana walikuwa mpakani wakibadilisha pesa, au wakipakia mahindi ya Tanzania kwenye malori. Mara ya mwisho Gisiri alipoipuliza walikuja watu wawili, na mmoja wao alikuja kuuliza nani amekufa.

Shamba lake lilikuwa chini ya mteremko, kando ya kijito, udongo mweusi unaoshika mguu. Ukingoni mwake walikuwa wamelala watoto wake wawili, mapacha waliokufa kwa surua, kila mmoja na rundo lake la mawe. Gisiri mwenyewe hakuweza tena kuinama. Nyonga yake ilivunjika siku alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni. Aliyelima ni Susana, mkewe, na Susana alikuwa na kifua kibovu.

Mtoto aliyewabakia ni Bravin, jina alilojichagulia mwenyewe siku ya ubatizo. Alikuwa na duka la kuchapa barua mjini, katika chumba alichopanga kwa Bwana Osman, mfanyabiashara wa Kiislamu aliyekuja Isebania zamani kuuza vitambaa. Kompyuta ya Bravin ilinunuliwa kwa maksai wawili wa Gisiri, wale waliokuwa wakivuta plau. Ndiyo maana mzee akiingia dukani alikaa mbele ya mashine kimya, kama mtu anayetazama ng'ombe wake malishoni.

Bravin alitaka shamba la kijitoni likodishwe kwa Ogeto, mtu wa Rongo aliyekuwa akilima tumbaku. Baba na mwana waligombana mwezi mzima. Mwishowe wakakubaliana mbele ya wazee wa ukoo: msimu huu wa vuli, kama shamba litapaliliwa lote kabla mahindi hayajatoa mbelewele, linabaki la nyumba. Magugu yakishinda, Ogeto analichukua. Susana alikwenda nyuma ya nyumba akanoa jembe lake.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini siku Gisiri alipoingia dukani akaikuta mashine inawaka rangi peke yake, nyekundu na kijani na manjano, vilima vidogo vikiinuka na kushuka kwenye kioo, wala hakuna aliyeketi mbele yake.

"Nani anaichezea?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Inafanya kazi ya watu," Bravin alisema.

"Watu gani?"

Aliyemweleza ni Mubarak, mwana wa Osman, aliyekuwa amerudi kutoka chuo cha Nairobi na ndiye aliyeiweka programu hiyo. Alieleza kwa upole, kama alivyolelewa. Huko ng'ambo kuna sahani kubwa ya chuma inayosikiliza nyota, kujua kama kuna mtu anayeongea huko juu. Sauti zinazonaswa ni nyingi, wasomi hawawezi kuzichambua peke yao. Wamezikata vipande vipande, na kila mwenye kompyuta nyumbani kwake, popote duniani, anapewa kipande. Mashine ikikosa barua ya kuchapa, inachambua. Ikimaliza, yeye na Bravin wanaiunganisha na simu ya Bwana Osman dakika chache, wanarudisha kile, wanapokea kingine.

"Mnalipwa?"

"Hapana, mzee. Ni kujitolea tu."

"Na walioitikia ni wengi?"

"Malaki."

Gisiri aliweka mkono juu ya mashine, akaona ina joto kama ubavu wa mnyama aliyetoka kazini.

"Hiyo ni risaga," alisema.

Bravin alicheka. "Risaga ya wenye nyota. Wamebakiza kupika pombe tu."

"Na zamu yetu inafika lini?"

"Zamu gani?"

"Maksai wangu wanalima kwao kila siku. Wao wanakuja kwangu lini?"

Mubarak alifungua mdomo kumsahihisha. Bravin alimgonga mguu chini ya meza. "Itafika tu, tata," alisema. Alimwita tata, yaani baba, alipotaka kitu, na mzee alipotaka kumcheka. Siku hiyo alitaka vyote viwili.

Gisiri alirudi nyumbani akitembea kama mtu mwenye nyonga mbili nzima. Miaka yote hiyo alidhani risaga imekufa, kumbe ilikuwa imehama tu, imekwenda kwa watu wenye akili. Pale kwenye mashine ya kusaga alimweleza Masese, jirani yake.

"Kwa hiyo watashuka na ndege?" Masese aliuliza. "Waambie wasinikanyagie mihogo."

"Wataagiza walio karibu. Hata Kisii kuna wazungu."

"Na jembe wanalijua, ama watapalilia na kalamu?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walifunika midomo kwa leso. Gisiri hakujali. Kesho yake alirudi dukani akamtaka mwanawe apeleke mwito. Rafiki za Bravin wa mpakani walikuwapo, wameegemea kaunta. Bravin aliketi, akabonyeza vitufe kwa kishindo kikubwa, akasoma kwa sauti maneno ya kumpendeza baba yake. Siku chache baadaye alileta jibu: wamekubali, watakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Asubuhi iliyofuata Susana alichukua jembe kama kawaida. Gisiri alimzuia mlangoni.

"Risaga imeitwa, mama Bravin. Shamba haliguswi."

"Nimeanza kule juu, nimefika karibu na mkuyu. Nikienda polepole hivi hivi nitamaliza kabla ya mbelewele."

"Imeitwa."

"Imeitwa na nani? Na mashine?"

"Unataka watu watoke mbali hivyo wakukute umewatukana?"

Akamnyang'anya jembe, akalisukuma chini ya kitanda, na kila usiku akalala juu yake. Susana alipika pombe kwa wimbi walilolitenga kuwa mbegu. Mvua ya vuli ilinyesha vizuri mwaka huo, vizuri kupita kiasi. Kila asubuhi aliketi kizingitini akiyatazama magugu. Yaliyafikia mahindi magotini, kisha kiunoni. Mara moja tu alisema, bila kumgeukia mumewe, "Leo ningekuwa nimefika kijitoni."

Jumamosi ilipofika Gisiri aliitoa pembe ukutani, akaipangusa, akaipuliza. Sauti ilitoka imepasuka. Alikuwa amechinja mbuzi, amepanga mirija kuzunguka chungu, amekusanya majembe yote aliyoweza kuazima na kuyalaza kwenye nyasi, mipini ikiwaelekea wageni.

Waliofika walifika na pikapu. Alishuka Bravin na rafiki zake wa mpakani, kisha Mubarak, kisha Ogeto wa Rongo, mtu mnene mwenye viatu vya mpira. Nyuma kabisa alishuka kijana mmoja aliyepakwa unga wa mahindi usoni na shingoni, kichwani kofia ya jua, karatasi mkononi.

"Good morning, Mista Gisiri," kijana alisema puani. "Sisi natoka kwa nyota. Pombe iko wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jasho lilikuwa limeanza kuchora michirizi kwenye ule unga. Gisiri alimtazama kijana muda mrefu, kisha akatazama barabara nyuma ya pikapu, kama kwamba wenyewe wanafuata.

"Buda, karibisha wageni," mmoja alisema. "Mmekaa tu na kiu imetutoa mbali."

Hawakungoja kukaribishwa. Walikunywa kabla ya kulima, jambo ambalo katika risaga hata mlevi hakulifanya. Mubarak, ambaye hakunywa, alisimama kando akiitazama ardhi. Kisha aliinama, akaokota jembe moja, akaingia shambani na viatu vyake vya Nairobi. Alipalilia kama mtu anayeua nyoka, akikata magugu na mahindi pamoja. Wenzake walimpigia makofi na kuimba kila jembe liliposhuka, wakamwita msomi wa magugu, mpaka akasimama, akaliegemeza jembe kwenye mti na kurudi kwenye gari.

Ogeto peke yake hakucheka. Alikuwa anazunguka shamba. Aliokota udongo, akaufinya, akaunusa, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye yale marundo mawili ya mawe aliyagusa kwa ncha ya kiatu, akaendelea.

"Uliwaambia nini wale watu?" Gisiri alimwuliza mwanawe.

"Watu gani?"

"Wenye kazi."

Bravin alitoa mrija mdomoni. "Mzee, sikuandika kitu. Niliandika jina langu tu, tena na tena, halafu nikafuta."

Uso wa Gisiri ulifunguka, akamgeukia mkewe karibu kwa furaha.

"Umesikia? Hawakuambiwa. Wangeambiwa wangekuja."

Susana alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia na kugundua amepotea tangu asubuhi. Aliingia ndani, akapiga magoti, akalivuta jembe chini ya kitanda. Aliwapita walevi wote na kushuka shambani. Alilima siku hiyo mpaka giza, na Jumapili wenzake walipokuwa kanisani alilima, na wiki nzima iliyofuata alilima ndani ya mvua, akikohoa, akisimama kutema, akiinama tena. Hakuna aliyekuja. Masese alimwona kutoka ng'ambo ya ua, akamsifu kwa bidii yake. Palikuwa bado na kipande kizima upande wa kijito mahindi yalipotoa mbelewele, membamba na ya manjano.

Wazee wa ukoo walikuja, wakatazama, wakaondoka. Ogeto alileta plau yake. Mahindi mabichi aliwapa ng'ombe wake. Alilima mpaka ukingoni, na ule mstari wa mwisho ukapita pale palipokuwa na marundo mawili. Mawe yenyewe aliyatumia kwenye msingi wa banda la kukaushia tumbaku. Gisiri alikwenda kumwambia hapo palikuwa na watoto. Ogeto alivua kofia, akasema pole, akavaa kofia.

Susana alifunga nguo zake kwenye shuka akaenda kukaa kwa Bravin, nyuma ya duka. Gisiri alimfuata hadi langoni.

"Unaenda kwa aliyetudanganya?"

"Bravin alinidanganya siku moja, akacheka, akasahau," Susana alisema. "Wewe uliulalia mpini wa jembe langu usiku baada ya usiku, na hukucheka hata kidogo."

Hakurudi. Gisiri alijifunza kujipikia, akaungua vidole. Alisubiri. Kila aliyepita barabarani akiwa na ngozi nyeupe, awe mmisionari au dereva wa lori kutoka kusini, alimtazama mara mbili.

Mara ya mwisho kuwaona Susana na Bravin ilikuwa siku ya soko, wiki moja kabla ya Krismasi. Lori lilikuwa mbele ya duka la Osman, kwa kuwa Bravin alikuwa anahamia Rongo, akachape barua za Ogeto na za wakulima wenzake. Meza, viti na makaratasi vilikuwa vimepakiwa. Susana alikuwa ameketi mbele, karibu na dirisha, na kioo cha mashine alikuwa amekipakata mapajani, amekifunga kwa lile blanketi walilokuwa wakijifunika wawili.

Gisiri alikaribia, akashika mlango wa lori.

"Ile kazi ya wenye nyota," alimwuliza mwanawe, "bado inaendelea?"

"Niliifuta kitambo. Ilikuwa inaifanya mashine iwe nzito."

"Uliondoka kwenye risaga bila kuwaaga?"

"Niwaage akina nani, mzee?"

Dereva aliwasha injini. Gisiri alimtazama Susana, akingoja aseme neno, lolote, hata la kumtukana. Susana alikohoa, akashusha uso kwenye blanketi ili afute kohozi, kisha akalivuta vizuri juu ya kioo, vumbi lisiingie. Lori liligeuka kuelekea Migori, njia ya Rongo. Gisiri alibaki amesimama barabarani mkono wake ukiwa bado juu, pale mlango ulipokuwa.